Meza za flipa ninazozitaka kwenye simu, na zile ninazoziacha nje

Wapenzi wa flipa, yaani pinball, mchezo wa mashine ya mezani ambamo gololi ya chuma inapigwa kwa vikono vya kubonyeza ili isianguke, wakikaa kupanga kikosi cha ndoto cha mchezo wa dijitali, majina yanayotangulia ni yaleyale: The Addams Family, Twilight Zone, Indiana Jones, Star Trek. Nayaheshimu. Lakini kikosi hicho kimepangwa na watu waliosimama mbele ya mashine zenyewe ujanani, kwenye baa za Chicago au mikahawa ya Paris, wakatia sarafu, wakashinda na kushindwa. Wao wanatafuta kukumbuka. Sisi wa Lubumbashi, mji wa shaba wa Kongo, walio wengi, hatuna cha kukumbuka, kwa kuwa mashine halisi hatujaigusa. Simu ndiyo mashine yetu ya kwanza, na huenda ikawa ya pekee. Basi kikosi kinachotufaa lazima kipangwe kwa macho mengine.

Ninaweka masharti mawili. Kwanza, meza ijieleze: mtu wa Katuba, mtaa wa hapa kwetu, ambaye hajawahi kusikia habari za flipa aitazame kidogo, ajue anatakiwa kupiga wapi na kwa nini. Pili, meza isije ikatoweka kwa sababu mkataba wa filamu fulani umekwisha.

Sharti la pili lina historia. The Pinball Arcade, mchezo wa FarSight Studios uliotoka mwaka 2012, ulikuwa umekusanya meza nyingi za Williams na Bally, tena kwa kazi ya miaka. Tarehe 30 Juni 2018 leseni ikafika mwisho, na meza zote za makampuni hayo mawili zikaacha kuuzwa. Aliyekwisha kununua alibaki nazo. Aliyekuwa bado anakusanya pesa alikosa. Mwaka huohuo haki zikaenda kwa Zen Studios wa Budapest, nao wakaanza kuzitengeneza upya, wakianza na chache kama Fish Tales na Medieval Madness. Kazi yao ni nzuri, lakini anayezitaka kwenye mchezo mpya analipa upya. Na hizo ni haki za mashine peke yake. Meza iliyotokana na filamu au televisheni ina haki juu ya haki: mwenye filamu, sura za waigizaji, sauti, muziki. FarSight walipotaka Twilight Zone iliwabidi wachangishe pesa kwa mashabiki kabla ya kuanza.

Kwa hiyo meza za filamu na televisheni naziacha nje, na moja kati yake naiacha kwa uchungu. Twilight Zone ya 1993, kazi ya mbunifu Pat Lawlor, ina gololi moja ya kauri iliyochanganyika na zile za chuma. Ni nyepesi, inakimbia kuliko wenzake, na sumaku zilizofichwa chini ya meza haziivuti. Mchezaji anaitambua kwa weupe wake na kwa mwendo wake. Wazo hilo ni zuri kupita kiasi. Lakini siwezi kumshauri kijana atoe dola zake kwa kitu ambacho kesho wanasheria wa watu wengine wanaweza kukiondoa.

Nafasi ya kwanza ni ya Humpty Dumpty, iliyotengenezwa na kampuni ya Gottlieb mwaka 1947. Wengi watashangaa, maana ukiilinganisha na meza za miaka ya 1990 ni ya polepole, na vikono vyake sita, vitatu kila upande, vina nguvu ndogo na vimetazama nje. Ila hiyo ndiyo meza ya kwanza kuwa na vikono hivyo vya umeme. Kabla yake uliirusha gololi, ukaitazama ikishuka kati ya misumari, na silaha yako ilikuwa kuisukuma mashine kidogo tu. Bahati ilitawala. Ndiyo sababu jiji la New York liliipiga marufuku flipa mwaka 1942 kwa hoja kwamba ni kamari, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1976, pale Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani na kutangaza kabla ya kupiga kwamba gololi itapita njia ya katikati. Ikapita.

Mzazi wa hapa kwetu akiona mtoto ameinama juu ya kitu chenye taa na namba zinazopanda, jambo la kwanza analofikiria ni kamari, na kwa jinsi mashine za kubahatisha zilivyotapakaa mitaani simlaumu. Ningependa mzazi huyo acheze Humpty Dumpty, kisha meza nyingine yoyote ya hapa chini. Atahisi kwenye vidole vyake mahali ambapo bahati iliachia nafasi kwa ustadi.

Kutoka hapo naruka hadi Eight Ball ya Bally, 1977. Sababu ni biliadi. Kila mtu hapa anajua kwamba unazimaliza saba zako ndipo uiendee namba 8, na meza hii imejengwa juu ya kanuni hiyohiyo, kwa hiyo haihitaji maelezo. Watengenezaji waliuza mashine 20,230, idadi ambayo haikupitwa hadi The Addams Family ilipofika 20,270 mwaka 1992. Unapoona pengo la mashine 40 kati ya meza ya biliadi na meza ya filamu iliyovuma dunia nzima, unaelewa kwamba kanuni rahisi nazo zinapendwa.

Gorgar ya 1979 ninaiweka kwa ajili ya sauti. Ilikuwa ya kwanza kusema, kwa maneno saba tu, huku mapigo ya moyo yakienda mbio kadiri mchezo unavyopamba moto. Baada yake Black Knight ya 1980, ya Steve Ritchie, yenye ghorofa mbili na kitufe cha sumaku ambacho mchezaji mwenyewe anakibonyeza ili kuinasa gololi inayotaka kutoka pembeni. Hizi mbili sizisemei mengi. Zinajitetea zenyewe.

High Speed, 1986, nayo ni ya Ritchie, na aliitunga kutokana na kisa chake mwenyewe cha kufukuzwa na polisi barabarani California. Ninaipenda kwa jinsi hadithi inavyosomeka bila maelezo yoyote: taa ya barabarani iko mezani, unapiga shabaha, inatoka kijani kwenda njano, kisha nyekundu. Ikiwa nyekundu, unapandisha gololi kwenye rampu, yaani njia inayopanda juu ya meza. Umevunja sheria! King'ora kinalia, redio ya polisi inaongea, unafukuzwa. Dereva yeyote wa teksi wa Lubumbashi ataielewa mara moja. Humo ndimo pia jekipoti ilipoanza kukua kutoka mchezo mmoja hadi mwingine, hata mchezaji akibadilika. Kwenye simu jambo hilo lina ladha yake: mkipokezana simu moja watu wanne, jekipoti aliyoikuza mwenzako unaichukua wewe.

Sasa FunHouse ya 1990, ya Pat Lawlor tena. Kama ningeruhusiwa meza moja tu, ingekuwa hii. Juu ya meza kuna kichwa cha mwanasesere anayeitwa Rudy. Macho yake yanaifuata gololi, anakudhihaki ukikosa, analalamika ukipata. Kila ukipiga shabaha, saa ya bandia inasogea kuelekea usiku wa manane. Saa sita ikigonga, Rudy anasinzia huku mdomo ukiwa wazi, na hapo ndipo kazi yako ilipo: umtupie gololi mdomoni. Anaamka kwa hasira, na gololi kadhaa zinamwagika mezani kwa pamoja. Sauti yake ni ya Ed Boon, yuleyule aliyekuja kuunda Mortal Kombat pamoja na John Tobias, mchezo ambao vijana wa vyumba vyetu vya plesteshen wanaufahamu kama jina la mtaa wao. Ni meza yenye mtu ndani yake. Unamchukia, unamtafuta, unataka kumwona analala. Sijaona mchezo wa simu wa leo, pamoja na wingi wa picha zake, unaomfanya mchezaji awe na uhusiano wa namna hiyo na kichwa kimoja cha plastiki.

Fish Tales ya 1992 inaingia kwa sababu ya samaki. Gololi inarushwa kwa mpini wa fimbo ya kuvulia, gololi zinafungwa ndani ya kigurudumu cha uzi kabla ya kuachiwa zote, na kuna sehemu ya kutia chumvi kuhusu ukubwa wa ulichovua. Anayewajua wauzaji wa samaki wanaotoka Kasenga, kule Luapula, atacheka kabla hajamaliza gololi ya kwanza. Tales of the Arabian Nights ya 1996 inaingia kwa sababu hadithi za Alfu Lela Ulela hazina mwenye leseni, na msomaji wa Kiswahili anazijua tangu utotoni: jini, taa ya ajabu inayozunguka gololi ikiigonga, binti wa kuokolewa.

Na Medieval Madness, 1997, ya Brian Eddy. Mashine za awali ziliundwa 4,016 tu, na zilizobaki bei yake iko mbali na mfuko wa mtu wa kawaida popote duniani, kwa hiyo hapa hata Mmarekani na mimi tuko sawa: wote tunaihitaji kwenye skrini. Katikati kuna ngome. Unapiga daraja lake mpaka linashuka, unapiga lango, lango linainuka, unapiga tena, ngome inaporomoka na minara inatikisika. Mfalme mmoja ameanguka, bado wengine. Mtoto wa miaka sita ataelewa, na bingwa atahangaika nayo miaka. Miaka miwili baadaye, 1999, Williams walifunga idara yao ya flipa. Walikuwa kileleni pa ustadi wao, na hilo linaniuma kila ninapoicheza.

Niseme kuhusu utengenezaji, kwani kikosi kizuri kinaweza kuharibiwa na mchezo mbovu. Gololi halisi ina upana wa milimita 27 hivi na uzito wa gramu 80. Meza nyingi za kisasa zimeinama kwa nyuzi 6.5. Kikono kinarushwa na koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi sana, na sisi tunaoishi juu ya shaba tunastahili kuusikia mshtuko wake. Vitu hivyo lazima vihesabiwe. Gololi ikiwa nyepesi kama povu, basi FunHouse inakuwa picha tu. Na lazima niweze kuisukuma meza kidogo, na nikizidisha iniadhibu, vikono vife, gololi ipotee. Bila adhabu hiyo nusu ya ustadi imeondoka.

Tena mchezo uwe unafanya kazi bila intaneti. Hili kwetu ni la msingi. Umeme ukikatika jioni nzima, kilichobaki ni betri ya simu, na mega zilizobaki ni za kupiga simu za WhatsApp kwa ndugu walioko Kinshasa au Ndola. Mchezo unaotaka kuingia mtandaoni kila unapofunguliwa, ili tu uthibitishe kwamba nilinunua, haukutengenezwa kwa ajili yetu. Bei iwe ya mara moja, na iwezekane kulipa kwa pesa za simu, maana wengi wetu hatuna kadi ya benki.

Na kila meza iwe na ukurasa wa maelekezo kwa Kiswahili. Kizazi changu kiliingia kwenye flipa kupitia Space Cadet, ile iliyokuja na Windows hadi XP, kwenye kompyuta za siberi na za ofisini. Wengi waliicheza kwa kubonyeza tu na kufurahia milio. Wachache walijua kwamba kuna misheni, kwamba unaichagua kwa kupiga shabaha fulani kisha unaikubali kwa kupandisha gololi kwenye rampu, na kwamba cheo kinapanda kutoka kadeti hadi admirali mkuu. Mchezo mzima ulikuwa pale umefichwa na lugha. Sauti za Rudy ziachwe kama zilivyo, lakini kanuni ziandikwe kwa lugha ambayo mama anayetusimamia dukani anaweza kuisoma.

Imebaki nafasi moja, na hapo rafiki yangu anayetengeneza simu kule Kenya, mtaa wetu wa Kenya, tunavutana. Yeye anataka Attack from Mars ya 1995, ya Brian Eddy pia. Ana hoja: inachekesha, haina leseni ya filamu, na sahani ya Wamarsi ikilipuka kila mtu anapiga kelele. Namjibu kwamba Medieval Madness ilizaliwa humo humo, umbo la meza ni la ndugu mmoja, na ngome tayari tunayo. Mimi nataka Fireball ya Bally, 1972. Katikati yake kuna sahani inayozunguka muda wote, gololi ikiipita inatupwa upande ambao hukuupanga, na hakuna kompyuta inayoamua, ni mwendo na msuguano tu. Hakuna meza nyingine kwenye orodha yangu itakayompima mtengenezaji kwa ukali kiasi hicho. Akiikosea hesabu ya sahani ile, tutaijua kasoro kabla ya gololi ya tatu kwisha.