Sokwe Walipewa Kamusi

Ukimtaja Tarzan, wengi wetu tunamkumbuka yule wa sinema: kifua wazi, anarukia matawi, anapiga ukelele wake, kisha anaongea kwa maneno mawili mawili. Tarzan wa vitabuni ni mtu mwingine kabisa. Huyo ni mjuzi wa lugha. Lugha yake ya kwanza, aliyoinyonya pamoja na maziwa, ni ya Mangani, sokwe wakubwa ambao mwandishi wa Kimarekani Edgar Rice Burroughs aliwabuni akawapa utawala, sherehe, visasi, mapenzi na msamiati. Nashikilia kwamba msamiati huo ndio sehemu ya riwaya zile inayostahili kusomwa kwa makini kuliko zote, kwa uzuri wake na kwa ubaya wake. Na sisi tuliozaliwa katika bara alilolichora bila kulikanyaga tuna kila sababu ya kuusoma.

Burroughs alizaliwa Chicago mwaka 1875 na hakuwahi kufika Afrika. Hadithi ya kwanza ya Tarzan ilitoka katika jarida la The All-Story, Oktoba 1912, ikawa kitabu mwaka 1914. Katika toleo la jarida alimweka simbamarara msituni; wasomaji wakamsahihisha kwamba mnyama huyo haishi Afrika, na kitabu kilipotoka jina lake, Sabor, lilikuwa limehamia kwa simba jike. Mahali penyewe ni pwani ya magharibi, kama nyuzi 10 kusini ya ikweta, ambako leo ni Angola. Humo ndimo alimowaweka Mangani. Si gorila, wala si sokwe mtu. Ni jamii iliyo karibu na gorila lakini yenye akili zaidi, na mfalme wao Kerchak anakadiriwa kuwa na uzito wa pauni 350, karibu kilo 160. Gorila ana jina lake katika lugha yao, Bolgani, naye ni adui.

Sikiliza maneno yenyewe. Simba dume ni Numa, chui ni Sheeta, tembo ni Tantor, nyoka ni Histah, tumbili ni Manu, swala ni Bara, fisi ni Dango. Mwezi ni Goro na jua ni Kudu. Mtoto ni balu. Kreeg-ah ni onyo la hatari, bundolo ni kuua. Mzungumzaji wa Kiswahili atashangaa jinsi mengi yanavyoketi vizuri mdomoni: Manu, Bara, Goro, balu, Kala, yote yamefungwa kwa irabu kama yetu. Panya ni pamba, neno ambalo kwetu lina kazi nyingine kabisa. Halafu yanakuja majina ya madume wapiganaji, na hapo sauti inakuwa ngumu: Kerchak, Tublat, Terkoz, Taug, Akut. Majike ni Kala, aliyemlea Tarzan, na Teeka. Sidai kuwa ni kanuni isiyovunjwa, maana Numa na Sheeta ni wakali na wameishia kwa irabu, lakini sikio la Burroughs lilijua lilichokuwa likifanya. Alitaka msomaji amwogope Kerchak kabla hajamwona.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni ka-goda. Mpiganaji aliyemkaba mwenzake shingo humuuliza, "Ka-goda?" Umekubali kushindwa? Aliyekabwa hujibu, "Ka-goda." Nimekubali. Neno moja, swali na jibu, na kinachotofautisha ni sauti kupanda au kushuka. Kiswahili hufanya vivyo hivyo kila siku bila sisi kukigundua. Katika neno hilo moja kuna sheria nzima ya vita: kwamba adui anaweza kuulizwa, kwamba kushindwa kunaweza kutamkwa, na kwamba aliyekiri anaachiwa pumzi. Mwandishi aliyebuni hilo alikuwa amewaheshimu sokwe wake.

Alikwenda mbali zaidi. Tarzan anajifunza kusoma Kiingereza peke yake, kwa vitabu vya watoto alivyovikuta katika kibanda cha wazazi wake waliokufa, bila kumsikia mtu yeyote akitamka hata herufi moja. Kwake herufi ni wadudu wadogo waliolala kwenye karatasi. Katika kitabu cha hadithi za utoto wake kilichotoka mwaka 1919, Burroughs anaeleza jinsi kijana huyo anavyozipa herufi hizo matamshi ya Kimangani: herufi kubwa ni dume, inatanguliwa na bu, herufi ndogo ni jike, inatanguliwa na mu. Kwa hiyo neno la Kiingereza la Mungu, God, lenye herufi tatu, linakuwa Bulamutumumo. Nimelitamka kwa sauti mara nyingi na bado linanipa furaha. Ni mtoto asiye na mwalimu anayeijenga daraja kati ya maandishi ya watu wasiokuwepo na sauti za walio karibu naye. Baadaye Mfaransa D'Arnot, anayeandikiana naye kwa Kiingereza, anamfundisha kuongea kwa Kifaransa. Kwa muda, basi, Tarzan anaandika lugha moja, anatamka ya pili, na anafikiri kwa ya tatu. Hapa Afrika Mashariki kuna mamilioni ya watoto wanaoishi hivyo kila siku ya shule, na sijakutana na riwaya nyingi za mikasa zilizolichukua jambo hilo kwa uzito.

Sasa upande wa pili. Katika Kimangani, tar ni nyeupe na go ni nyeusi. Zan ni ngozi, hivyo Tarzan ni Ngozi Nyeupe. Katika vitabu vilivyofuata, mzungu ni Tarmangani na mwafrika ni Gomangani: sokwe mweupe, sokwe mweusi. Ukiitazama kwa upole, kuna wazo zuri ndani yake. Sokwe ndiye kipimo, binadamu ni aina yake tu. Lakini fikiri kidogo. Kwa nini viumbe wa msituni wenye manyoya meusi, ambao miaka yote hawajapata kisa na watu, wawagawe binadamu kwa rangi kwanza? Wangeweza kuwaita wenye moto, wenye mishale, wasio na manyoya, wenye kulala chini. Mgawanyo huo hautoki msituni. Unatoka Marekani ya 1912, ambako rangi ilikuwa inaamua mtu akae wapi kwenye behewa la treni. Burroughs aliuweka kwenye midomo ya sokwe, na kwa kuwa sokwe ni wa maumbile, mgawanyo nao ukaonekana ni wa maumbile.

Kisa kinachonichoma ni cha Tibo. Kimo katika kitabu hichohicho cha Bulamutumumo. Tarzan, akiwa kijana, anamwona Teeka akimlea balu wake, anatamani naye awe na wa kwake, na anakwenda karibu na kijiji cha Waafrika cha chifu Mbonga, anamnyakua mtoto wa kiume wa takriban miaka kumi mbele ya mama yake, Momaya. Mtoto ana jina. Tarzan anampa jingine: Go-bu-balu. Mtoto mweusi wa kiume. Kisha anaanza kumfundisha Kimangani, ili aweze kuishi kati ya sokwe, na mtoto anakonda kwa hofu. Momaya anamtafuta. Anakwenda hadi kwenye pango la mganga Bukawai, mwenye fisi, kwa sababu hana pengine pa kwenda. Mwishowe Tarzan anaguswa na uchungu wa mama huyo, anamkumbuka Kala aliyemlea, na anamrudisha mtoto.

Burroughs hakuwa kipofu, maana Momaya ni mmoja wa watu wenye ujasiri kuliko wote katika kitabu kile. Lakini hebu tazama lugha. Kimangani kina maneno mengi kiasi kwamba mwaka 1939 kamusi yake ndogo ilichapishwa katika kijitabu cha vilabu vya watoto wapenzi wa Tarzan huko Marekani. Kijiji cha Mbonga, chenye watu, mashamba, mganga, mama na mtoto, hakina kamusi. Lugha ya Tibo haikubuniwa. Sokwe walipewa neno la mwezi, la jua na la panya. Mtoto wa watu akapewa jina la rangi yake kwa lugha ya sokwe.

Wapo watakaosema tumwache mzee wa watu, vitabu ni vya zama zake. Nawaelewa, ila hoja hiyo inavunjwa na kitabu chenyewe. Burroughs anaeleza kwamba watu wa Mbonga walikimbilia pwani wakiwatoroka askari wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, waliokuwa wakiwasaka kwa ajili ya mpira na pembe za ndovu, na anamtaja Leopold kwa jina akimwita mnafiki. Mtu aliyeyajua hayo mwaka 1912 na kuyaandika katika hadithi ya burudani hakukosa habari. Aliwapa watu wale sababu ya kukimbia, akawanyima sauti, na hilo alilichagua mwenyewe.

Hata maneno yetu yalimfikia. Wapiganaji wanaoshirikiana na Tarzan anawaita Waziri, na wao wanamwita Bwana. Shamba lake linakuja kuwa katika Afrika Mashariki ya Waingereza, na Wajerumani wanalivamia Vita vya Kwanza vya Dunia vinapoanza. Kiswahili kimo mle kama utumishi tu: cheo cha serikali kimefanywa kabila, na bwana ni namna ya kumwita tajiri.

Pamoja na hayo sikubali kuitupa lugha ya Mangani. Wazo kwamba sokwe wana usemi lilikuwa la ndoto mwaka 1912, na misitu yetu imelisogeza karibu na ukweli kwa namna ambayo Burroughs hakuitarajia. Mwaka 1980 watafiti Seyfarth, Cheney na Marler walichapisha waliyoyaona kwa tumbili wa Amboseli, Kenya: mlio mmoja kwa chui, na tumbili wanapanda mtini, mwingine kwa tai, wanatazama juu, mwingine kwa nyoka, wanasimama kwa miguu miwili na kukagua majani. Milio mitatu, maana tatu. Mangani wenye utukufu wote wana kreeg-ah moja kwa kila hatari, na Manu, tumbili wa riwayani, anadharauliwa kama mpiga domo asiye na kumbukumbu. Huko Budongo, Uganda, watafiti wamekusanya ishara zaidi ya 60 ambazo sokwe mtu hutumia kuombana chakula, kuitana na kufukuzana, na wamegundua kwamba kila dume hupiga mizizi ya miti kama ngoma kwa mtindo wake. Burroughs alibuni Dum-Dum, sherehe ya usiku wa mbalamwezi ambapo sokwe hupiga ngoma ya udongo na kucheza kwa zamu, akadai kwamba ibada zote za dini na serikali zilitokana nayo. Sherehe ni ya kubuni, lakini ngoma za Budongo ni za kweli. Na Jane Goodall, aliyefika Gombe Julai 1960 na ambaye alisimulia mara nyingi kwamba vitabu vya Tarzan vilimwasha ndoto ya Afrika utotoni, aliwaona madume wakicheza kwa kishindo mvua kubwa inapoanza. Mwaka 2025 watafiti wa bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe mtu, wa Kokolopori, Kongo, walionyesha kwamba wanyama hao huunganisha milio miwili ili mmoja ubadili maana ya mwingine. Kuunganisha vipande kupata maana mpya ndiyo sarufi ileile ya tar na mangani.

Kwa hiyo natamani mwandishi wa Kiswahili alichukue wazo hili. Katika ngano zetu Sungura na Fisi husema Kiswahili fasaha na hakuna anayeuliza walijifunza wapi. Nazipenda mno, ila hazina ile raha ya kuvuka mpaka, ya kumwona mtu akihangaika kumwelewa kiumbe asiyesema kama yeye. Nataka riwaya ya mikasa ya vijana iliyowekwa Mahale au Gombe, yenye sokwe wa kubuni na lugha yao kamili, iliyobuniwa na mtu aliyesikia sokwe halisi wakiitana kutoka bonde hadi bonde alfajiri. Nataka wavuvi wa Tanganyika ndani yake waongee Kiha na Kiswahili cha Kigoma, kwa maneno yao, kurasa kwa kurasa. Mtoto akipotea humo, mama yake amwite kwa jina lake, na sokwe walisikie. Na atakapofika kwenye kazi ya kuchagua sokwe watatuitaje sisi binadamu, atafute neno katika yale ambayo sokwe anaweza kuyaona na kuyaogopa kutoka juu ya mti: moshi, panga, mbwa, mtumbwi.