Mfereji Ukikauka, Nani Atamlipa Fundi?

Mombasa hainywi maji yake. Yanatoka Mzima kule Tsavo, Marere na Tiwi upande wa Kwale, na Baricho kando ya mto Sabaki. Kote huko ni nje ya kaunti. Ndiyo maana swali la kuviacha visima vya mitaani na vya misikitini, ili nguvu zote ziingie kwenye mabomba na mabwawa, si la kujibiwa mbio mbio.

Wanaotetea mfereji, yaani maji ya bomba, wana hoja nzito. Kisiwani, chini ni mawe ya matumbawe yenye nyufa, na maji ya choo cha shimo hupenya humo bila kuchujika vizuri. Ukipiga pampu mchana kutwa, chumvi ya bahari nayo inapanda. Tena kisima kibaya hakijitangazi: ndoo inatoka na maji maangavu, ya baridi, hayana harufu, na mwenyewe ataapa kwamba babu yake aliyanywa hadi uzeeni. Babu hakuzungukwa na vyoo vya majirani kila upande. Hapo sibishani na watu wa afya.

Ila mfereji nao una siku zake. Ukikauka, wenye mikokoteni ndio wa kwanza kujua, na mtungi wa lita 20 hupanda bei. Bomba la Mzima, la miaka ya 1950, lina urefu wa zaidi ya kilomita 200. Likipasuka njiani, mtu wa Mwembe Tayari hana mlango wa kubisha hodi. Mwenye kisima anajulikana, na kamba ikikatika watu wanachanga.

Huko kuchanga ndiko tathmini nyingi za miradi ya maji zinakokuruka. Mkaguzi anahesabu mifereji, anachukua maji kidogo ya kupima, anaandika kwamba mradi unafanya kazi. Sawa, leo unafanya. Mwaka wa kumi je?

Tazama Kanada, nchi isiyo na shida ya mito na maziwa wala ya fedha. Mwaka 2015 serikali iliahidi kwamba ifikapo Machi 2021 tahadhari zote za muda mrefu za maji ya kunywa kwenye jamii za wenyeji asilia zitakuwa zimekwisha. Tarehe ikapita. Jamii ya Neskantaga, jimbo la Ontario, walitakiwa kuchemsha maji tangu 1995. Mitambo peke yake haikuwa tatizo: kwa miaka mingi serikali kuu ililipa asilimia 80 tu ya gharama za uendeshaji kwa hesabu yake yenyewe, nyingine jamii zijitafutie, mpaka 2020 ilipotangaza kubeba zote. Kijiji cha watu mia chache kingezitoa wapi? Jamii ya Shoal Lake 40 ndiyo inayouma zaidi. Jiji la Winnipeg linakunywa maji ya ziwa lao tangu 1919, na wao wenyewe wakaishi na tahadhari ya kuchemsha kuanzia 1997 hadi walipopata mtambo mwaka 2021. Mtu wa Taita Taveta, ambako Mzima iko, hili halihitaji tafsiri.

Kwetu hapa, pampu za mkono za Afridev zilijaribiwa Kwale miaka ya 1980, zikiwa zimebuniwa ili mwanakijiji azifungue kwa spana moja. Wazo zuri, lakini spana haisaidii kitu mpira wa ndani ukishalika na kamati haina hela ya kununua mwingine. Kule Kyuso, Kitui, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kwenye mipini ya pampu vifaa vya kutuma taarifa na kuwa na mafundi wa kuzishughulikia mara moja. Muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka siku 27 hivi hadi chini ya 3. Pampu zilikuwa zile zile.

Kwa kunywa, basi, mimi niko upande wa mfereji. Kisima kibaki cha kufulia na cha akiba, kipimwe na kutiwa dawa. Lakini bwawa la Mwache linajengwa Kwale, na maji yake mengi yanakusudiwa kuja Mombasa. Vijiji vilivyo jirani nalo viandikiwe sasa, kabla bwawa halijajaa, mtungi utauzwa bei gani kwenye kioski chao, vipuri vitanunuliwa na nani, na fundi atalipwa kutoka mfuko upi.