Nataka Kusoma Tu, Yakhe!

Miye nina kibanda cha kopi hapa Chake Chake. Mlango mmoja, printa moja, laptopu moja iliyong'oka kitufe cha K. Nawe ujue Kiswahili bila K hakiendi: kuku, kaka, kesho, kukopa. Hasa kukopa. Pale palipong'oka nabonyeza kwa njiti ya kibiriti, na nimeshazoea.

Kazi yenyewe nyepesi. Mtu analeta fleshi au ananirushia faili kwa wasapu, nalifungua, naliprinti, ananipa changu, tunaagana. Na mafaili siku hizi yote ni PDF. Barua ya kuitwa kazini, PDF. Ratiba ya mitihani, PDF. Juzi kaja mtu na kombe, yale maandishi ya dawa yanayokoshwa yakanywewa, kaandikiwa na sheikh wake wa Mombasa, nalo PDF. Nimemtolea, kurasa mbili, nyeusi na nyeupe. Atalikoshaje alinywe, hilo sikumuuliza. Wino wa printa ile miye mwenyewe nausugua kwa sabuni ya mche na hautoki.

Balaa langu lilikuwa ile programu ya kufungulia. Jina silitaji, sitaki kesi. Nilinunua laptopu nikaikuta imo, kama mpangaji uliyerithishwa pamoja na nyumba. Mwanzo tulielewana. Unabonyeza mara mbili, inafunguka, unasoma. Kisha ikaanza kunenepa. Kila mwezi inaniambia kuna toleo jipya, kila toleo jipya lataka nafasi zaidi, na laptopu yangu ina kumbukumbu giga 4 tu, basi ikifunguka programu hiyo kila kitu chengine kinasimama kuipisha, kama msafara wa mkubwa unapita.

Siku moja kaja mwalimu wa skuli, ana haraka, gari ya Wete inataka kuondoka. Faili lake nusu ukurasa. Nabonyeza. Duara linazunguka. Mwalimu anatazama saa. Duara linazunguka. Kikatokea kisanduku: sasisha sasa? Nikakataa. Kikaja cha pili: ingia kwa barua pepe yako. Nikakifunga. Cha tatu: je, unataka kuhifadhi mafaili yako mawinguni? Mwanangu, miye hata paa la kibanda linavuja, mawingu nayajua vizuri. Nikakataa. Cha nne kikaja kwa adabu kabisa, kwamba faili hili linaonekana refu, je, msaidizi wa akili bandia akufupishie?

Faili lenyewe lilikuwa barua ya mzazi. "Mtoto hakuja skuli Jumatatu, alikuwa na homa." Sasa hiyo unaifupisha ibaki nini? "Homa"?

Gari ya Wete ikaondoka. Mwalimu akanitazama jicho ambalo najua wanafunzi wake wanalijua.

Mtoto wa kaka yangu anasomea kompyuta Unguja. Alipokuja likizo nikamlalamikia, nikidhani atanitengenezea. Akacheka. "Ami, kwani nani kakulazimisha? PDF si mali ya programu moja."

Akanieleza, nami nakupa kama nilivyopewa. Kampuni ya Adobe ndiyo iliyoileta PDF duniani, mwaka 1993, ili waraka uonekane sawasawa kwenye kompyuta yoyote, herufi zisihame, jedwali lisivunjike. Jina lake maana yake waraka wa kubebeka. Kisha 2008 likafanywa kiwango cha kimataifa, ISO 32000, mtu yeyote anajua lilivyoundwa ndani na anaruhusiwa kuandika programu ya kulisoma. Nikamzuia hapo hapo. "Tangu 2008?" "Tangu 2008, Ami." Nikaanza kuhesabu nimengojea duara lile miaka mingapi hali mlango wa pili uko wazi, nikaacha, maana presha ninayo. Nilichomwambia ni kuwa huo waraka wa kubebeka sawa, mzigo unabebeka. Mchukuzi ndiye habebeki.

Yeye akapanda boti kurudi Unguja. Kaniachia neno moja: tafuta nyengine. Basi nikatafuta peke yangu, na hapo ndipo nilipojidhulumu.

Nikaandika kwenye intaneti nataka kisomaji cha PDF cha bure. Ukurasa uliofunguka una vitufe vinne vya kijani, vyote vikubwa, vyote vimeandikwa pakua. Kimoja ndicho cha kweli, vitatu matangazo. Nikabonyeza kilichokuwa kikubwa zaidi, kwa akili za sokoni kwamba samaki mkubwa ndiye samaki. Bando likaenda. Nilipowasha kompyuta asubuhi yake nimewekewa programu ya hali ya hewa, programu ya kusafisha kompyuta inayodai ina matatizo 1,400, na ukurasa wa kutafutia umebadilika rangi. Kisomaji cha PDF hakimo. Kutoa takataka zile nilimaliza Ijumaa nzima mpaka karibu niikose sala.

Nikajaribu nyengine. Hii ikaja kweli, nzuri, nyepesi, na zaidi ya kusoma inakuruhusu kubadilisha maneno ndani ya PDF. Nikaona nimepata. Na siku ile ile, kama aliyetumwa, akaingia mama mmoja wa Machomane na mjukuu wake, msichana wa sekondari.

Mama anaoza mtoto wa kiume. Kadi imetengenezwa na kijana wa Dar es Salaam ambaye sasa hapokei simu. Kadi nzuri, ina maua, ina dhahabu. Ila imeandikwa ndoa itafungwa baada ya sala ya Isha, na ndoa ni baada ya Alasiri. "Neno moja tu mwanangu, unaliweza?" Nikavimba kifua. Miye nisiliweze? Nikafuta Isha, nikaandika Alasiri, hata njiti ya kibiriti haikuhitajika kwa sababu hamna K. Nikamwonesha kwenye kioo. Akanipigia dua. Akanunua karatasi ngumu 150 hapo hapo kwangu, nikaprinti zote, printa inalia kama kuku anayetaga, nikazipanga, nikazifunga kwa mpira, nikapokea pesa.

Hakufika hata kwenye ngazi. Mjukuu alikuwa kachomoa moja anaitazama kwenye jua.

"Bibi, hii juu imeandikwa nini?"

Nikavaa miwani. Khaa! Kila kadi, pembe mbili za juu, pana kimhuri chekundu chenye maneno ya Kizungu. Kwenye kioo sikukiona. Kumbe chapigwa unapohifadhi. Ndio bei ya bure yao: kusoma soma utakavyo, lakini ukigusa neno wanapiga muhuri mpaka ulipie. Maandishi ya sharti hilo wala hayakuwa yamefichwa. Macho yangu ndiyo yaliyojificha.

"Imeandikwa nini?" mama akauliza.

Msichana kasoma sana huyu, akatafsiri bila ya kumeza mate. "Toleo la majaribio. Ili kuondoa maneno haya, nunua."

Kibanda kikanyamaza. Mama akairudia polepole, kama mtu anayeonja mchuzi uliozidi chumvi. "Ndoa ya mwanangu ya majaribio?"

"Si ndoa, mama, ni programu..."

"Imeandikwa juu ya ndoa! Majina yao haya hapa, majaribio hii hapa! Na anunue nani? Mahari si tumeshatoa?"

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Watu wa nje wakaanza kusogea, maana hapa kwetu sauti ya mwanamke mtu mzima ikipanda inaita watu kuliko kipaza sauti cha kampeni. Mmoja wao akauliza harusi gani hiyo ya majaribio, ya muda gani. Nikarudisha pesa zote, karatasi 150 zikawa zangu, na mpaka leo nafungia karanga.

Usiku ule nikampigia yule mtoto wa kaka yangu. Nikamwambia sitaki kuandika, sitaki kuhariri, sitaki mawingu. Nataka kusoma tu, yakhe, na kuprinti! Akasema ungesema tangu mwanzo. Akaanza kunihesabia: kuna Okular, hiyo mpaka fomu utajazia, kuna Evince kwa wenye kompyuta za Linux, kuna Foxit. Tena akasema hata Firefox yangu mwenyewe, ile ninayosomea habari za mpira, inafungua PDF bila ya kuongeza kitu, na tangu 2022 unaweza kuandika maneno juu ya ukurasa wake. Yaani nilikuwa naishi naye.

Nikaijaribu Firefox siku mbili. Inasoma vizuri, sina la kuisema. La kulisema ni juu yangu miye, kwamba mteja anakaa ubavuni kwangu na faili lake linafunguka kwenye mstari mmoja na kurasa zangu zote nilizofungua. Kaja khatibu wa msikiti na hotuba yake, na jirani ya hotuba kichwa cha ukurasa chasomeka "dawa ya nguvu kwa waliofika miaka 50". Khatibu hakusema kitu. Ila Ijumaa kahutubia juu ya subira.

Ndipo kijana akanitumia hii niliyonayo sasa. Inaitwa SumatraPDF. Ni ya Windows tu, ipo tangu 2006, ya bure na msimbo wake, yaani maandishi yaliyoiunda, uko wazi kwa kila mtu. Megabaiti chache, bando halikushtuka. Ina toleo ambalo hata kusakinisha husakinishi, unaliweka kwenye fleshi unalifungua basi. Nikabonyeza faili mara mbili, nikajipanga kungoja, nikanyoosha mkono kuchukua kikombe cha chai, nikatazama tena: ukurasa uko wazi. Nikadhani nimekosea. Nikafunga, nikafungua. Uko wazi. Hakuna kisanduku, haitaki barua pepe, haitaki kunifupishia. Inakumbuka hata nilipoishia kusoma jana. Vitabu vya EPUB inafungua pia, ijapokuwa hapa bado hajaja mtu na EPUB. Kuhariri maneno ya kadi, hiyo haijui, nami nikaona ndiyo mchumba wangu.

Kosa nililofanya ni kujisifia barazani. Baada ya Alasiri, kahawa inapita, nikasema nimepata Sumatra. Kijana mmoja aliyewahi kuwa utingo Bara akaruka. "SUMATRA si walishafutwa 2019? Sasa LATRA, mzee. Utakamatwa." Nikasema si ile ya vyombo vya usafiri. Hapo mzee mmoja mwenye mikarafuu yake kule Mtambile akaweka kikombe chini.

"Sumatra si huko Indonesia?"

Nikasema kisiwa cha jina hilo kiko huko.

"Hao walikuwa wakinunua karafuu zetu kutia kwenye sigara zao. Kisha wakapanda zao, wakatupita, sasa wao ndio wa kwanza duniani. Leo wewe wawaingiza mpaka ndani ya kompyuta." Akatikisa kichwa. "Wapemba!"

Nimemwambia haina uhusiano. Hakunisalimia siku tatu. Ya nne akaja na PDF ya bei za msimu, nikamfungulia, akaona ilivyofunguka upesi. "Hm," akasema. "Ndivyo walivyo. Wepesi."

Wiki ya tatu hii sasa. Umeme ukikatika nalalamikia umeme, wino ukiisha nalalamikia wino, lakini la kisomaji sina. Asubuhi hii simu ikaita, kijana wa Unguja, furaha tele: "Ami, limetoka toleo jipya! Nikuelekeze tuliweke?"

Nimemwambia nimeshafunga kibanda. Nami nimo ndani, mteja mbele yangu, printa inalia.