Azimio la bure, azimio la buku mbili

Kwenye magrupu ya walimu WhatsApp kuna ubishi hauishi: umekesha unaandaa azimio la kazi (ule mpango wa kufundisha wiki kwa wiki), maandalio ya somo na maswali, sasa uwarushie wenzio bure au uwauzie? Tangu mtaala mpya uanze Januari 2024 ndo umekolea kabisa, maana ya zamani hayafai tena na kila siku mtu anaibuka "jamani mwenye azimio jipya atusaidie", anajibiwa njoo inbox, buku mbili tu.

Mi wanaouza siwaiti wachoyo. Bando lao, laptop yao, usiku wao, na mshahara ni uleule. Halafu cha bure nacho kina ubaya wake, mtu anadownload, anaprinti, anampelekea mkuu wa shule asaini na hajasoma hata ukurasa mmoja, juu pale bado pameandikwa jina la shule ya watu😂

Ila tuambizane ukweli, azimio lenyewe tunalitoa kwenye muhtasari wa TET, yaani Taasisi ya Elimu Tanzania, na vitabu vyao vipo bure Maktaba Mtandao, kwa hiyo sehemu kubwa tunayouziana hapa ni kazi ya kupanga wiki na vipindi. Ni kazi ndiyo, lakini sio ya kumgeuza mwenzako mteja, huyo huyo ambae kesho utamuomba mtihani wa mock.

Mi natoa bure, na wala sio kwa wema. Mwaka jana nilirusha notsi za fizikia za Form One, mada ya density, hazijamaliza nusu saa mwalimu mmoja wa huko Songea akanifuata inbox, "mwalimu, hapo kwenye unit umeweka g/cm², si ni g/cm³?" Nilikuwa nimeshafundisha mkondo mmoja hivyo hivyo, kesho yake nikarudi darasani nikafuta ubaoni mbele ya watoto. Aliyenunua buku mbili hakuambii hayo, akiona umekosea anadai hela yake au ananyamaza anakwenda kwa mwingine.

Kinachouma ni wale wa katikati, wanachukua cha bure, wanafuta jina lako, wanaweka namba zao za kutumiwa hela. Mwezi uliopita nimeletewa "notsi bora za fizikia" kwa buku tatu, nikaomba sampo ya ukurasa wa density. g/cm² yangu ipo pale pale.