Si kila homa yenye vipele ni surua
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema hapa Goma mtoto mwenye homa, vipele na macho mekundu atibiwe kama wa surua, basi. Kwa kumtenga mtoto nakubali, lakini hapo ndipo ugonjwa wa Kawasaki unapojificha: kinga ya mwili inashambulia mishipa ya damu, hasa ile inayolisha moyo. Surua huja na kikohozi na mafua, macho yanatoa machozi na tongotongo, vipele vinaanzia usoni na nyuma ya masikio. Kwenye Kawasaki macho ni mekundu lakini makavu, midomo inapasuka, ulimi unakuwa mwekundu wenye vinundu, viganja na nyayo vinavimba, na homa inapita siku 5 bila kusikia antibiotiki wala dawa ya malaria. Tazameni pia kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu: kwa mtoto mchanga likiwa jekundu na kuvimba, hiyo ni dalili kubwa. Tafadhali msingoje ngozi ya ncha za vidole ibambuke, hiyo hutokea wiki ya pili au ya tatu, na imunoglobulini ya mshipani (kingamwili kutoka damu ya wachangiaji) inatakiwa kabla ya siku ya 10 ya homa: gramu 2 kwa kila kilo, mara moja, ikitiririka polepole saa 10 hadi 12, pamoja na aspirini. Mtoto wa kilo 10 ni gramu 20, yaani chupa 4 za gramu 5. Asipotibiwa, karibu mmoja kati ya 4 anapata uvimbe wa mishipa ya moyo, kwa hiyo ekografia ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti) irudiwe hata homa ikiisha. Nani anajua famasi ya Goma au Bukavu inayoitunza imunoglobulini hiyo kwenye friji isiyozimika umeme ukikatika?