Mama ana watu, na mimi sitaandika kuwa hana

Hapa Malindi ukiwa na ndugu nje, ukienda harusini ukienda hitimani lazima upate mtu wa kukuuliza, "mbona hamjamchukua mama?" Wanauliza hivyo hivyo kama mtu anavyouliza mbona hamjapaka nyumba rangi. Kaka yuko Leicester miaka, ana paspoti ya Uingereza, ana nyumba na gari, sasa mama anafanya nini huku mtaa wa Barani na vumbi na stima za kupotea. Jibu ninalo lakini ni refu, halifai kutolewa na sahani ya pilau mkononi, ndo nimekuja kulitema hapa.

Mimi sitaki aende kuishi. Kabla hamjanirukia, sijasema wazee wasiende. Nnachosema ni kuwa zile sheria za nchi za nje zilivyokaa, ili mzee apewe ruhusa ya kukaa moja kwa moja, familia nzima inabidi kwanza ikubaliane kusema kitu ambacho si kweli, nacho ni kuwa huyu mzee kwao hana mtu. Na mimi niliye hapa, ninayelala chumba cha pili, ndo natakiwa nikitie sahihi.

Nianze na ya Uingereza manake hiyo nimeisoma mpaka macho yakauma. Zamani mzazi aliyetimiza miaka 65, kama alikuwa anaishi kwa pesa ya mwanawe aliye kule na hana jamaa wa karibu wa kumtegemea, alikuwa na njia. Ngumu lakini njia. Julai 2012 wakabana. Sasa lazima mzee awe hajiwezi kabisa, yaani umri au ugonjwa umemfikisha pahali pa kuogeshwa, kuvishwa, kupikiwa, na si kwa muda, ni kwa siku zote. Halafu hata ukishathibitisha hayo bado, unatakiwa uonyeshe kuwa huduma hiyo kwao haipatikani na hakuna mtu wa kumpa, au ipo lakini haiwezekani kuilipia, hata huyo mtoto aliye Uingereza akitoa pesa zake. Na huyo "mtu wa kumpa" wamemfafanua vizuri sana, anaweza kuwa jamaa, nesi, hata msichana wa kazi. Ombi lenyewe lazima mzee alifanye akiwa nje ya Uingereza, ada ni zaidi ya paundi 3,000, wakikukatalia hazirudi.

Sasa angalieni huo mtego. Kaka lazima aonyeshe anaweza kumlisha mama na kumpa pa kulala miaka 5 bila kugusa msaada wa serikali yao. Haya, anaweza, mtu wa kazi mbili yule. Akishaonyesha tu, anaulizwa, na hiyo pesa kwa nini usimuandikie mama mtu huko huko Malindi? Kwa mshahara wa Leicester huku waandika watu wawili na chenji inabaki. Asipokuwa nayo amekosa, akiwa nayo amekosa vilevile. Aliyeitunga hii sijui alikuwa amekunywa nini lakini alijua anachofanya.

Ndo wakili wa kaka akaja na mbinu yake. Alituma orodha kwa WhatsApp, barua ya daktari, picha za nyumba mpaka choo, hati ya kiapo kwa sababu kitambulisho cha mama kinasema Fatuma na cheti cha kuzaliwa cha kaka kinasema Fatma (na siku ya kuzaliwa ya mama ni tarehe 1 Januari, kama wazee wote wa rika lake, nchi nzima walizaliwa siku moja mashallah). Mwisho wa orodha kulikuwa na jina langu. Niandike barua kuwa nina wanangu, nina kazi, sina uwezo wa kumtazama mama. Na pia niandike siku ya mama inavyokwenda, nani anamfanyia nini, saa ngapi.

Hiyo ya siku nikaiandika, nilidhani ndo rahisi. Alfajiri mimi namshika mkono mpaka bafuni manake goti la kulia halikunjiki, namtilia maji ya udhu. Uji analetewa na jirani wa nyuma, hajaombwa na mtu, alianza Ramadhani moja hajaacha mpaka leo. Saa tatu anaingia msichana, anamuogesha, anamsuka akiwa na hamu ya kusukwa, anafua. Mchana mtoto wa ami yetu anayeendesha tuktuk akipita anapiga honi, mama akitoa kichwa dirishani basi anashushiwa chochote, ndizi, mkate wa mofa, siku nyingine umbea mtupu. Baada ya laasiri baraza inajaa kina mama, wanasema watu mpaka magharibi. Usiku wanangu wanamkanda miguu wakigombania rimoti. Nikaisoma tena kabla sijaituma nikacheka peke yangu. Wakili alikuwa anataka ushahidi wa upweke, mimi nimemuandikia mtaa mzima.

Akarudi na jibu kuwa "tuipunguze kidogo". Tumtoe jirani, tumtoe wa tuktuk, msichana tuseme amesema anaacha. Nami nipunguzwe.

Hapo ndo nikakataa, na kaka akakasirika, tukakaa kidogo bila kusalimiana. Yeye anaona nimemfungia mama mlango. Mimi naona kuna vitu haviandikwi. Huyo jirani siku mama akifa ndo atakayekuwa wa kwanza kuingia na sanda, leo mimi nimuandikie mzungu kuwa hayuko? Na tuseme wakubali, mama apewe stempu yake, huyo kaka ambaye ametoka nyumbani saa kumi na mbili alfajiri kurudi ni usiku, na mkewe pia anafanya kazi, na watoto wako skuli, nani anamshika mkono mpaka bafuni? Yaani tumtoe kwenye watu kumi kwa uongo kuwa hana mtu, tumpeleke pahali ambapo kuanzia asubuhi mpaka jioni hana mtu kweli.

Msidhani ni Uingereza peke yake. Hapa kwetu mabinti wengi wako Italia, na kule nako, ukiwa mgeni usiye na uraia wa Ulaya wala mume raia, mzazi unaruhusiwa kumvuta kama unamtunza wewe na hana mtoto mwingine aliyebaki nchini kwake, na akipita miaka 65 hao watoto wengine lazima wawe wagonjwa sana, na iwe kwa vyeti, kiasi kwamba hawawezi kumsaidia. Australia ndo kali, wanahesabu watoto kabisa, angalau nusu yao wawe wanaishi Australia, au walioko huko wawe wengi kuliko walioko nchi nyingine yoyote, ndipo mzazi aombe, na ukipita ile njia ya ada ndogo foleni yake ni miaka kama 30, mama ana sabini na kitu jamani. Ukitazama zote utaona mtoto aliyebaki na mzazi ndo anayeharibu. Kwetu sisi mtoto wa kubaki ndo anayepewa dua kila swala, huko kwenye fomu ni dosari inayotafutiwa dawa.

Marekani hawahesabu ndugu, hapo niwe mkweli. Ukiwa raia na umefika miaka 21 unamuombea mzazi wako, wala hakuna kikomo cha idadi kwa mwaka, shida yake ni kuapa kuwa kipato chako kinatosha, na aliye na grinkadi tu, yaani kadi ya kukaa moja kwa moja bila uraia, bado hawezi. Lakini mzee akishaipata grinkadi anatakiwa akae huko kweli. Akija kwao akavuka mwaka bila kuomba kibali kabla ya kuondoka, anaonekana ameiacha. Kwa hivyo wapo wazee wanaoruka kwenda na kurudi kuilinda ile kadi, magoti yamevimba kwa ndege, ukimuuliza kule anafanya nini anakwambia "nakaa". Canada walikuwa na bahati nasibu, majina yakichotwa, ila wana na ile super viza ya wazazi na mababu, mzee anaweza kukaa mpaka miaka 5 kwa mara moja, mtoto aonyeshe kipato na bima ya matibabu isiyopungua dola 100,000 za kwao. Hiyo nimeipenda. Anakuja kama mzazi aliyekuja kumtembelea mwanawe, hakuna anayemlazimisha kuikana kwao.

Na linaloniudhi zaidi liko hapa hapa, nenda Casuarina jioni yoyote utawaona. Wazee wa Kiitaliano, wako Malindi hii tangu enzi za San Marco, kile kituo chao cha kurushia satelaiti kule Ngomeni, miaka ya 60, na wengine wanazidi kuja na pensheni zao kukimbia baridi. Mimi sina neno nao, wengi ni watu wazuri na wengine Kiswahili chao kinashinda cha wanangu. Lakini kibali chao cha kukaa Kenya, ile Class K, kinataka uwe umefika miaka 35 na uwe na kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka. Basi. Hakuna anayemuuliza kama anaweza kujivisha soksi, wala kama watoto wake walioko Milano wameandika barua ya kumkana. Wazee wa baridi wanashuka kwetu kufuata jua na watu, na sisi tunauza kiwanja ili tupeleke wetu kwenye baridi. Kuna siku nilimwambia kaka hivyo akasema nachanganya mambo. Labda.

Upande wa pili nao upo. Jirani mmoja watoto wake wote wako nje, mume amekufa, nyumba kubwa ya ghorofa, geti, mlinzi, na mama wa watu ndani anaongea na runinga. Huyo kama kuna njia apelekwe hata kesho, na yeye hata barua yake si uongo. Wala sidanganyi kuwa huku serikali inatubebea. Inua Jamii kwa aliyefika miaka 70 ni shilingi 2,000 kwa mwezi, dawa za presha peke yake zinaimaliza. Katiba kifungu cha 57 kinasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia na serikali, sasa hiyo familia kwa lugha ya kawaida ni mtu mmoja, nayo kila mara ni yule asiyekuwa na paspoti. Kwa hivyo nikisema mama abaki sisemi kwa urahisi, mgongo wangu unajua. Nimemwambia kaka, zile paundi 3,000 na za wakili na za tiketi zikigeuzwa mshahara wa msichana wa pili wa usiku, zikageuzwa choo cha kukaa na vyuma vya kujishikia, mama ataziona kila siku, na mimi pia nitalala.

Na mama mwenyewe je? Alipoulizwa (tena ni mimi niliyesema aulizwe, walikuwa wameshafika mpaka kwenye picha za choo bila kumuuliza) akasema anataka kwenda kuwaona wajukuu, akae wakati wa joto lao, arudi kabla ya maembe ya Disemba. Kuishi? Akauliza kuku wake atawaachia nani.

Basi si kuna viza ya kutembea, miezi 6 kwa safari, na wanatoa hata ya miaka miwili, mitano au kumi ingawa kila ukiingia ni hiyo hiyo miezi 6. Ubaya wake ni kuwa safari hii lazima tuonyeshe kinyume cha yale ya wakili, kuwa mama ana kwao, ana nyumba, ana watu, ana sababu ya kurudi. Hiyo nitaiandika hata kurasa kumi, na jirani na wa tuktuk wote wamo. Ninachomkazania kaka sasa hivi ni bima ya safari, ainunue kabla hajagusa tiketi, na presha aitaje, asije akaificha ili ipungue bei. Mgeni akilazwa hospitali za kule bili yake ni asilimia 150 ya gharama ya matibabu, na goti la mama na ngazi za nyumba za Leicester siziamini hata kidogo.