Manowari za Uingereza na Meli Zinazozilisha

Novemba 2024 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba ingeziondoa kazini meli mbili za mafuta zinazozitilia manowari mafuta baharini, Wave Knight na Wave Ruler, pamoja na meli mbili za kushushia wanajeshi ufukweni na frigeti moja, yaani manowari ya ukubwa wa kati. Waliounga mkono uamuzi huo walisema meli hizo za mafuta zilikuwa zimefungwa gatini kwa muda mrefu bila mabaharia wa kuziendesha, na kwamba fedha za kuzitunza zingefaa kwa silaha mpya. Hoja hiyo ina uzito, lakini kinachonisumbua ni sababu ya mabaharia wenyewe kukosekana.

Meli hizi za mafuta ni za Royal Fleet Auxiliary, idara ya meli saidizi zinazohudumia manowari za Uingereza, iliyoundwa mwaka 1905 enzi za meli za makaa ya mawe. Wafanyakazi wake ni raia, ingawa hufuatana na manowari hadi kwenye vita, na ufundi wao haujifunzwi kwa wiki chache. Ili kutia mafuta safarini, meli mbili hukimbia sambamba, zikiwa zimeachana kwa mita 50 hivi. Kamba nyembamba hurushwa kwa bunduki kutoka meli moja hadi nyingine, nayo huvuta kamba nene zaidi, hata waya wa chuma ukazwe na bomba zito lining'inie juu ya mawimbi. Maji yanayopita kwa kasi kati ya meli hizo huzivuta zikaribiane, kwa hiyo anayeshika usukani hawezi kupumzisha macho, na muda wote huo manowari haiwezi kugeuka ghafla hata ikishambuliwa.

Hapo ndipo wanaotaka fedha ziende kwa manowari zaidi badala ya meli saidizi wanapopata nguvu. Meli ya mafuta ni kubwa, ina silaha chache, na adui mwenye akili huitafuta mapema. Katika vita vya mwaka 1982 kati ya Uingereza na Argentina juu ya visiwa vya Falklands, kusini mwa Atlantiki, Atlantic Conveyor, meli ya makontena iliyochukuliwa kutoka biashara ili kubeba zana, ilipigwa kwa makombora ya Exocet tarehe 25 Mei. Iliteketea na helikopta tatu kubwa za Chinook, ikabaki moja tu iliyokuwa angani, na wanajeshi wengi wakalazimika kuvuka kisiwa kwa miguu wakiwa na mizigo mizito mgongoni. Basi, wanauliza, meli saidizi ina faida gani pasipo manowari za kutosha za kuilinda?

Mimi tukio hilo hunionyesha upande wa pili vilevile: meli moja isiyo ya kivita ilipozama, mpango mzima wa vita vya nchi kavu ulibadilika. Tena uwanja ule wa vita ulikuwa maili 8,000 hivi kutoka Uingereza, na bila meli za mafuta manowari zisingefika, seuze kupigana. Jeshi la majini linalolinda pwani yake tu na kurudi bandarini kila baada ya siku chache linaweza kuishi na meli saidizi chache, wala silioni kosa. Uingereza, hata hivyo, imejenga meli mbili za kubeba ndege zenye uzito wa tani 65,000 kila moja, ambazo injini zake hutumia mafuta, ili zifike bahari za mbali. Kwa chakula, vipuri na mabomu, ilibaki ikitegemea Fort Victoria peke yake, meli iliyoshushwa majini mwaka 1990.

Meli tatu mpya za shehena zimekwisha kuagizwa, na mkataba ulitiwa saini Januari 2023. Ni hatua njema, ila zitahitaji mabaharia walewale ambao mwaka 2024 baadhi yao waligoma wakidai mishahara. Ningekuwa na sauti katika bajeti, ningeanza na mishahara hiyo sasa, meli zenyewe zikiwa bado zinaundwa.